Ndege Iliyotupiga Picha

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi iliyopita hapa Nairobi, mbele ya wapenzi wa ndege, mafundi na wanafunzi wa uhandisi wa anga. Wengi mlinitumia ujumbe kwamba hamkuweza kufika, basi nimeyaandika yote kama yalivyotoka. Picha za ukutani nimeziacha.

Mwenyekiti, walimu, mafundi wenzangu, wazazi mlioleta watoto, na ninyi vijana mliokaa sakafuni kwa kukosa viti: hamjambo?

Asanteni. Nianze na swali. Ni nani humu ndani amewahi kuona ndege ya Vita vya Pili vya Dunia ikiruka? Si kwenye simu. Kwa macho yake, juu ya kichwa chake. Inueni mikono.

Naona mikono minne. Basi hao wanne watanisaidia, kwa sababu kuna vitu ambavyo mdomo wangu hautaweza kuvisema. Sauti ya Merlin, injini iliyorusha ndege nyingi za Waingereza katika vita vile, haisimuliki. Unaisikia kifuani kabla haijafika masikioni.

Mimi nimekuwa fundi wa ndege kwa miaka 36, na sasa nimestaafu. Binti yangu anaishi Cambridge, kule Uingereza, na kila ninapokwenda kuwaona wajukuu, siku ya pili huwa nimeshaomba nipelekwe Duxford. Ni mwendo mfupi wa gari. Duxford ulikuwa uwanja wa jeshi la anga tangu zamani, na leo ni makumbusho. Lakini ni makumbusho yenye mafuta sakafuni. Ndege zinatengenezwa mle mle huku wageni wakitazama, na siku za maonyesho zinatolewa nje, zinawashwa, zinaruka.

Siku ya kwanza nilisimama kwenye kamba mbele ya Spitfire, ndege ndogo ya kivita ya Waingereza, iliyovuliwa mabati yote ya pua. Kijana mmoja alikuwa akifunga waya kwenye nati za injini. Mafundi mnaujua waya huo. Anaupitisha kwenye tundu la nati ya kwanza, anausokota kwa koleo, anaupeleka kwenye nati ya pili kwa upande ambao nati ikitaka kulegea, waya unaivuta ikaze. Akimaliza anakata, kisha anaikunja ncha ndani ili isije ikamchoma mkono fundi atakayekuja baada yake. Nilimhesabia. Nati mbili, dakika tano. Injini nzima ina nati ngapi? Nilisimama pale saa nzima, mke wangu akaenda kunywa chai akarudi akanikuta palepale.

Ndugu zangu, nimekuja na neno moja tu. Ndege ya kale inakaa angani kwa ukweli. Pesa zinahitajika, na mapenzi yanahitajika, lakini mahali uongo ulipoingia ndipo ndege itakapoangukia. Nitawaonyesha kwa hadithi chache.

Kwanza, ukweli wa chuma.

Watu huniuliza: Mzee, hizo ndege mnazosema zimefufuliwa, ni zile zile kweli? Si mmezitengeneza upya tu?

Mliofika Lamu, au Mombasa pale Mji wa Kale, mmeona jahazi likipandishwa pwani na kuegemezwa magogo. Fundi anapita na nyundo akigonga ubao mmoja mmoja. Ubao mzima unalia. Uliooza unatoa sauti butu. Unang'olewa, unawekwa mwingine, na mapengo yanatiwa kalafati, pamba iliyolowa mafuta, inayoshindiliwa mpaka maji yakose njia. Baada ya miaka 30, mbao ngapi za awali zimebaki? Chache. Je, limekuwa jahazi jingine? Muulizeni nahodha wake. Jina ni lile, mataruma ni yale, na kila ubao ulioingia kuna mtu anayejua uliingia lini na ulitoka kwa nani.

Sasa chukueni Spitfire moja, nambari N3200. Tarehe 26 Mei 1940, majeshi ya Uingereza yakiwa yamebanwa Dunkirk, pwani ya Ufaransa, ndege hii ya Kikosi cha 19 cha Duxford ilipigwa, na rubani wake akaitua mchangani pwani ya Sangatte, karibu na Calais. Rubani alitekwa. Ndege ikamezwa na mchanga. Ilikaa humo zaidi ya miaka 40, hadi bahari ilipoamua kuirudisha. Kilichotoka hakikuwa ndege, jamani. Kilikuwa chuma kilicholiwa na chumvi. Ila nambari ilikuwapo, na vipande vilikuwapo. Mafundi wakakaa na michoro ya zamani wakaijenga, na mwaka 2014 ikaruka tena. Mwaka uliofuata ilikabidhiwa makumbusho ya Duxford. Fikirini: iliondoka uwanja ule mwaka 1940, ikarudi nyumbani baada ya miaka 75.

Dada yake, P9374, naye alizikwa kwenye mchanga wa Calais siku zile zile. Alifufuliwa, akauzwa mnadani London mwaka 2015 kwa zaidi ya pauni milioni 3, na sehemu ya pesa hizo ikaenda kwa shirika linalolinda simba, chui na jamii yao. Mimi habari hiyo ilinifurahisha sana.

Je, ni Spitfire zile zile? Nawajibu: tazameni vitabu vyake. Fundi mkweli anaandika kila kitu. Ubao huu ni wa zamani, huu ni mpya. Ribiti hizi zimepigwa na sisi. Mhimili huu wa bawa tumeutengeneza mwaka fulani kwa madini ya aina fulani. Hafichi. Akishaandika hivyo, mtu anayeigusa anajua anagusa nini. Asiyeandika ndiye anayetengeneza bandia, hata kama chuma chote ni cha 1940.

Sasa sogeeni karibu, kwa sababu habari inayofuata ni yetu.

Lancaster. Ndege ya mabomu. Injini nne za Merlin, kila moja silinda 12, lita 27. Mabawa mita 31 kutoka ncha hadi ncha. Watu saba ndani, na nafasi ya kupita katikati ni finyu hata kwa mtu mwembamba kama mimi. Zilitengenezwa 7,377. Leo zinazoruka duniani kote ni ngapi?

Mbili.

Ngapi? Mbili. Moja iko Hamilton, Kanada. Nyingine iko Coningsby, Uingereza, mikononi mwa kitengo cha kumbukumbu cha Jeshi la Anga. Hiyo ya Uingereza inaitwa kwa nambari yake, PA474. Ishikeni nambari hiyo.

PA474 ilitoka kiwandani karibu na Chester tarehe 31 Mei 1945. Vita vya Ulaya vilikuwa vimekwisha wiki tatu kabla. Ikatayarishwa kwenda kupigana na Japani, na vita hivyo navyo vikaisha kabla haijaondoka. Ndege ya vita iliyokosa vita. Ikawekwa ghalani ikangoja. Kisha ikapewa Kikosi cha 82, ikavuliwa vibanda vya bunduki, ikafungwa kamera tumboni mahali pa mabomu. Ikatumwa wapi?

Ikatumwa kwetu. Kuanzia 1948 hadi 1952 PA474 ilikuwa ikipiga picha za ardhi ya Afrika Mashariki na Kusini kwa ajili ya kuchora ramani. Na Kikosi cha 82 kilikuwa na kituo chake Eastleigh. Eastleigh hii, ng'ambo tu ya hapa tulipokaa. Uwanja ule ule tunaouita leo Moi Air Base.

Mnaona? Lancaster maarufu kuliko zote duniani, ambayo watu wanakata tiketi na kulala kwenye mahema ili waione, ujana wake iliufanyia kazi katika anga letu. Haijawahi kudondosha bomu hata moja vitani. Iliangalia.

Na kuangalia kule kulikuwa kazi ngumu, msidhani ni matembezi. Ndege ya kupiga picha za ramani inaruka mstari ulionyooka, juu sana, kwa kimo kimoja, mwendo mmoja. Ikifika mwisho inageuka, inarudi na mstari mwingine ubavuni mwa ule wa kwanza, kama mkulima anavyopiga matuta. Kila picha lazima ifunike zaidi ya nusu ya picha iliyotangulia, kiasi cha asilimia 60, ili mchora ramani akiziweka mbili pamoja chini ya kioo, milima isimame. Rubani akiyumba kidogo, pengo linabaki. Wingu likipita, pengo linabaki. Na ninyi mnajua mawingu ya Mlima Kenya yanavyofunga saa nne asubuhi. Hapo unarudi, unalala, kesho unaanza mstari uleule.

Baada ya Afrika maisha yake hayakuwa ya heshima sana. Ilitumika chuoni Cranfield kubeba bawa la majaribio mgongoni. Ingeweza kuishia kwenye vyuma chakavu kama wenzake maelfu. Lakini walikuwapo watu waliosema hapana. Wakaitafutia vibanda vya bunduki vilivyopotea, na kibanda cha mgongoni walikipata wapi? Argentina. Kikaletwa kwa meli. Mwaka 1973 ikaingia rasmi kwenye kitengo cha kumbukumbu. Katikati ya miaka ya 1990 ikawekewa mhimili mpya wa mabawa, kwa sababu chuma nacho huchoka; kila safari inakula kidogo ya uhai wake na lazima saa zihesabiwe. Tarehe 7 Mei 2015 injini ya nne ilishika moto hewani. Wakatua salama. Wakaivua, wakatafuta, wakatengeneza, na sehemu kubwa ya msimu ikapita bila kuruka. Watu walinung'unika, wengine walikuwa wametoka mbali. Mafundi hawakusikiliza manung'uniko, walisikiliza chuma.

Mwaka mmoja kabla, 2014, ile ya Kanada ilivuka Atlantiki kuja kumwona mwenzake. Lancaster mbili angani pamoja, Agosti na Septemba ile! Ilipofika Uingereza injini yake moja ikaharibika. Mnajua Waingereza walifanya nini? Walichukua injini yao ya akiba wakawaazima wageni. Mimi nimefanya kazi mahali ambapo mtu hakuazimi hata bisibisi. Nilipoisikia hiyo nilisimama nikapiga makofi peke yangu sebuleni.

Kila ninapokaribia PA474 huwauliza waliosimama karibu: mnajua ndege hii ilifanya kazi wapi? Hunijibu Ujerumani. Nawaambia hapana, ilifanya kazi kwetu, juu ya mashamba yetu. Wanageuka kunitazama, halafu wanaigeukia ndege tena, na nawaona wanaitazama kwa namna nyingine.

Na si hiyo peke yake. Watu wa Mombasa mliomo humu, Kipevu mnaijua kwa bandari na umeme. Wakati wa vita Kipevu ilikuwa nyumba ya ndege za Catalina, zile zinazotua majini, zilizokuwa zikiwinda nyambizi katika Bahari ya Hindi. Agosti 1943 Catalina mbili, moja ya Kikosi cha 259 na nyingine ya 265, ziliizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197 kusini mwa Madagaska. Catalina moja bado inaruka pale Duxford. Mwaka 2020 ilitua kwenye ziwa la Loch Ness, Scotland, ikagoma kuwaka, ikabidi itolewe majini kwa winchi kubwa. Mliokuwa na babu waliofanya kazi Kilindini, waulizeni wangali hai. Waulizeni mwaka huu.

Sasa nije kwenye jambo zito. Rubani na fundi.

Niliposema ukweli, wengine mlidhani nasema juu ya makaratasi. Nasema juu ya uhai wa watu. Nilipokuwa mwanagenzi, katika karakana ambayo sitaitaja, usiku mmoja nilikuwa nikifanya kazi ndani ya mkia wa ndege. Nilipomaliza nikahesabu vifaa kwenye boksi. Soketi moja haipo. Soketi ya robo inchi, ndogo kama punje ya hindi. Nikatafuta mifukoni. Nikatafuta sakafuni. Ndege ilikuwa iondoke alfajiri na abiria. Nilikuwa na miaka 20, nina kazi miezi saba tu, na nyumbani walikuwa wananitegemea. Nikajiambia: labda imeanguka kwenye mtaro. Nikavaa koti. Nikafika mlangoni.

Nikarudi. Nikamwendea msimamizi, mzee mmoja asiyezungumza sana, nikamwambia. Hakunipigia kelele. Alivaa miwani, akafungua kitabu, akaandika kwamba ndege hairuki. Akaweka sahihi yake, ya kwake, siyo yangu. Kisha akasema, "Lete tochi." Tulifungua vifuniko vyote vya mkia. Saa kumi na nusu alfajiri tuliiona, imekaa kwenye kapi ambako waya wa usukani wa mkia unapita. Ingebaki pale, waya ungekwama. Yule mzee aliitoa kwa vidole viwili, akaniwekea kiganjani, akanifunga ngumi. Hakusema neno. Ninayo mpaka leo. Hii hapa. Ipitisheni, lakini mnirudishie.

Vijana, ninyi mnaosomea kazi hii: siku yako ya soketi itakuja. Itakuja saa mbovu, ukiwa umechoka, na hakuna aliyekuona.

Maonyesho ya ndege ni furaha. Mliokwenda Uhuru Gardens mwaka 2022 mliona watoto walivyokuwa wakiruka kwa furaha. Lakini kila kanuni ya maonyesho iliandikwa baada ya mazishi. Farnborough, 1952, ndege ilipasuka hewani, injini zikaangukia watu: 31 wakafa. Ramstein, Ujerumani, 1988: 70. Dallas, Novemba 2022, ndege mbili za kale ziligongana mbele ya umati, sita wakafa, wote wa ndani ya ndege.

Na Shoreham. Hapo nitasimama kidogo. Tarehe 22 Agosti 2015, ndege ya jeti aina ya Hunter, iliyotoka kiwandani miaka ya 1950, ilianza kupiga duara wima, ile ya kupanda, kulala chali, na kushuka. Ili ishuke salama ilipaswa kufika kileleni kwa futi 3,500 zisizopungua. Wachunguzi walikuta ilifika 2,700. Pengo la futi 800. Ikaangukia barabara kuu ya A27. Watu 11 wakafa.

Nataka mfikirie hao 11 walikuwa wapi. Walikuwa nje ya uwanja. Barabarani na kandokando yake. Wapo waliokuwa wakipita tu na safari zao. Hawakukata tiketi, hawakuchagua hatari ile. Baada ya siku hiyo Uingereza ilikaza kanuni, na jeti za kale zikakatazwa michezo ya namna ile juu ya nchi kavu. Wapenzi wenzangu wengine walilalamika kwamba maonyesho yameharibiwa. Mimi nasema hapana. Nawapenda Hunter, ni jeti nzuri kuliko zote zilizowahi kuchorwa, na naridhika kabisa kuiona ikipita imenyooka.

Kuna wakati ukweli unasema: basi, tumefika. Vulcan, ile ndege kubwa ya pembetatu, XH558, ilirudishwa hewani mwaka 2007 kwa michango ya watu na fedha za bahati nasibu ya taifa. Kuirusha kuligharimu kama pauni milioni 2 kwa mwaka. Mwaka 2015 kampuni zilizokuwa zikiisimamia kiufundi zilisema haziwezi kuendelea, utaalamu wa ndege ile umebaki kwa wachache mno. Watu walilia. Oktoba ile ikatua kwa mara ya mwisho, na injini zikazimwa. Zikazimwa ikiwa nzima, haina jeraha, haijaua mtu. Nawaheshimu waliokata shauri hilo kuliko ninavyowaheshimu walioirusha.

Nimebakiwa na jambo moja, na hili nimekuja nalo kutoka nyumbani kwetu Nyeri.

Miaka michache iliyopita nilikuwa Duxford siku ya maonyesho. Jua zuri, watu na viti vyao, watoto mabegani. Ikaja Harvard. Ndege ndogo ya mafunzo, ya njano, injini moja. Harvard ina sauti yake. Rafadha yake inazunguka moja kwa moja na injini bila gia ya kuipunguza, basi ikizungushwa kwa nguvu zote ncha zake zinakaribia mwendo wa sauti yenyewe, na hewa inapasuka. Ni mlio wa msumeno. Wapenzi wanaupenda sana mlio huo. Nami naupenda.

Lakini siku ile nilimkumbuka cucu wangu, yaani bibi yangu.

Cucu alikuwa akiishi chini ya Nyandarua. Nilipompa habari kwamba nimepata kazi ya ndege, nilidhani atafurahi. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akanielezea ndege mbili alizozijua maishani mwake. Hakujua majina yake, alijua sauti. Moja ilikuwa ndogo, ikija chini, ikilia kama msumeno kwenye mti mbichi. Nyingine ilikuwa kubwa, ikipita juu taratibu, na vyombo vya jikoni vinatetemeka kabla hujaisikia. "Ile ndogo tuliikimbia," alisema. "Ile kubwa, ulikuwa unakaa tu."

Miaka mingi baadaye nilielewa alichokuwa akisema. Ndogo ni Harvard. Mwaka 1953 Jeshi la Anga la Uingereza lilileta Harvard kupigana na Mau Mau, zikakaa Mweiga, zikawa zinadondosha mabomu ya ratili 20 msituni. Kubwa ni Lincoln. Kuanzia mwisho wa mwaka ule ziliruka kutoka Eastleigh na mabomu ya ratili 500 na ratili 1,000, zikayamwaga Nyandarua na Mlima Kenya. Na Lincoln ni nani? Ni mdogo wake Lancaster. Ilichorwa kutokana na Lancaster, hata jina lake la kwanza kwenye michoro lilikuwa Lancaster namba nne.

Ndugu zangu, nifanye nini na jambo hili? Niache kuzipenda ndege hizi? Nimejaribu, siwezi. Nikiziona moyo unaruka kama nilivyokuwa mtoto. Ninyamaze juu ya cucu? Hilo pia siwezi. Lancaster walikufa nazo vijana wengi mno. Kikosi cha mabomu cha Uingereza kilipoteza watu 55,573 katika vita vile, na zaidi ya nusu ya Lancaster zote hazikuona amani. Na chini yake walikufa wengine. Dresden peke yake, Februari 1945, watu wapatao 25,000. Hayo yote yamo ndani ya sauti ile ninayoipenda. Ukisimulia nusu tu, umefanya kama fundi aliyevaa koti akaondoka na soketi imebaki kwenye mkia.

Kwa hiyo mwaka ule nilimwendea msimuliaji wa maonyesho wakati wa mapumziko. Nilimngoja karibu na gari lake. Nilimwambia: ukiitangaza Harvard, umesema ilifundisha marubani wa nchi nyingi, na ni kweli. Lakini pia ilipiga mabomu kwetu, na bibi yangu aliikimbia. Niliogopa atanifukuza. Alitoa kalamu akaniomba nimtajie mwaka na mahali. Nikamtajia Mweiga, herufi moja moja. Mchana Harvard iliporuka mara ya pili, alilisema. Sentensi mbili tu, kwenye vipaza sauti, mbele ya maelfu ya watu. Mwaka 1953, Mweiga, Kenya. Aliitamka vibaya kidogo, Mweiga. Sikujali. Nilikaa kwenye nyasi nikalia.

Sasa chai iko tayari, naona mwenyekiti ananitazama. Kabla hamjatoka, kuna karatasi nimeilaza pale mezani karibu na mlango, chini ya kioo. Ni ramani ya zamani ya kwetu, ya vipimo vya moja kwa 50,000. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, imeandikwa kwamba ilichorwa kutokana na picha za angani za RAF, yaani Jeshi la Anga la Uingereza. Picha hizo zilipigwa kabla ya hali ya hatari, kabla watu hawajaondolewa mashambani mwao na kukusanywa vijijini mwaka 1954. Kwa hiyo nyumba zote bado zimetawanyika kwenye matuta, kila moja kidoto cheusi. Nimeweka mshale wa penseli. Kile kidoto cha pili kutoka mtoni, juu ya kona ya njia, ni kwa cucu. Inameni mkione, ni kidogo sana. Na soketi yangu iko kwa nani?